Kaka Yangu Anapiga Makasia

Kaka yangu ni msoma mita wa maji, na kwa miaka ishirini na mbili hajawahi kurudi ofisini na nyumba ambayo haijasomwa. Hilo limeandikwa kwenye cheti walichompa wakubwa zake, ambacho amekitia fremu na kukitundika sebuleni juu ya runinga, ili hata anayetazama taarifa ya habari kisimpite. Kisichoandikwa kwenye cheti ni kwamba kaka yangu anaogopa mbwa. Sisemi mbwa wakubwa tu. Anaogopa hata vile vibwa vya kubebwa kwapani, vinavyobweka kama vinapiga chafya. Akiona geti lenye kibao cha mbwa mkali, au akisikia mnyororo unaburuzwa ndani ya uzio, anavuka barabara, anasimama upande wa pili, anahesabu nguo zilizoanikwa, anatazama kama maua yamemwagiliwa, halafu anaandika namba. Mtaani wanamwita Bwana Makadirio, naye huitikia kwa kupunga mkono. Anadhani ni cheo.

Namba za namna hiyo huziwekea nukta pembeni. Ni nukta ndogo ya ncha ya kalamu, ambayo mtu baki ataidhania uchafu wa nzi. Maana yake: hapa sikuingia. Wasoma mita wote wa ofisi yao wana nukta hizo. Ni utaratibu wao wa chini kwa chini, haumo katika kitabu chochote cha kazi. Humsaidia mtu kukumbuka, ili siku mbwa akifa au mwenye nyumba akihama, arudi akasome mita yenyewe na kuweka mambo sawa kabla mkaguzi hajafika. Ninalijua hilo kwa sababu nilipokuwa sekondari nilikuwa na mwandiko mzuri, na kaka alinifanya mnakili wake. Kila mwisho wa mwezi nilikaa naye mezani nikihamisha namba kutoka daftari lake chafu kwenda kwenye fomu safi, na kila nilipofika penye nukta aliniambia, "Hiyo usiinakili, dada. Hiyo ni yangu."

Mimi nikawa fundi cherehani. Kazi zetu zote mbili ni za kupima, ila mimi nikikosea inchi moja mteja anarudi na gauni mkononi na matusi mdomoni, kwa hiyo sijawahi kupata nafasi ya kukadiria. Mwaka jana figo zangu zote mbili ziligoma kazi, bila hata notisi. Tangu hapo, mara mbili kwa wiki, ninajilaza kando ya mashine ya hospitali inayonitoa damu, inaisafisha na kunirudishia. Inachukua saa nne, na nikitoka hapo siwezi kukanyaga cherehani mpaka kesho yake. Daktari hakunificha. Mashine itakusogeza, alisema, lakini moyo wako umeshaanza kuchoka. Unahitaji figo ya ndugu, na uipate mapema.

Ndugu wakakutana kwa mama. Mama mwenyewe ana kisukari, hivyo hakuwemo katika hesabu. Mimi nilijikunja kwenye kona ya kochi nikijitahidi kuonekana mtu asiyemwomba mtu kitu. Aliyesimama wa kwanza alikuwa mtoto wa mama yetu mdogo, anayefundisha chekechea na ambaye ukoo mzima tunamwita Mwalimu. Ni mwembamba, mpole, na alikuwa ndiyo kwanza ameolewa. Akasema kwa ile sauti yake ya kusemea na watoto, "Mimi nipimwe. Nimeshaongea na mume wangu."

Mama hakumwangalia. Mama alikuwa anamwangalia kaka. Kaka akahangaika kwenye kiti, akakohoa, akaona macho ya mama hayatoki, basi akainuka na kujipiga kifua mpaka kalamu zikaruka mfukoni.

"Nani apimwe? Mimi kaka yake wa tumbo moja niko hai, nina figo mbili, halafu akatolewe mtoto wa mama mdogo? Watu watatuonaje? Kaa chini, Mwalimu. Kaa!"

Mama akaangua kilio cha furaha. Wajomba wakagonga meza. Mimi nilimshika kaka magoti na kulia, sioni sababu ya kuficha. Mwalimu akakaa. Na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutaja kupimwa mtu mwingine, maana ingekuwa ni kumtukana kaka mbele ya ukoo.

Alipimwa, na damu zetu zikaonekana zinaendana vizuri kabisa. Tatizo likawa mizani. Kaka alikuwa na kilo mia moja na saba, nyingi zikiwa zimejikusanya mbele, pale anapowekea daftari lake akiandika. Daktari akasema hawezi kumpasua mtu mwenye uzito huo kwa ajili ya kumwokoa mwingine. Ashuke mpaka tisini na tano ndani ya miezi mitano, ndipo tarehe ipangwe. Kisha akamwita kaka peke yake ofisini, mlango ukafungwa. Nilikuja kuambiwa na nesi kwamba hufanya hivyo kwa kila mtoaji, wanamuuliza kama ameamua kwa hiari yake, na akisema hapana wanamtafutia sababu ya kitabibu ili asiaibike kwa ndugu. Nilimuuliza kaka alijibu nini.

"Nilimuuliza yeye: mimi, niogope nini?"

Wenzake kazini waliposikia, wakachanga na kumnunulia mashine ya kupiga makasia. Kama hujaiona, ni reli ndefu ya chuma yenye kiti kinachoteleza mbele na nyuma, pa kukanyagia, na kishikio chenye mnyororo unaouvuta mpaka kifuani, ukijifanya uko mtoni ilhali uko chumbani na ndoo za wifi zinakutazama. Makabidhiano yalikuwa na hotuba nne. Mkuu wa kitengo alisema ofisi nzima inajivunia mtu anayetoa kiungo chake mwenyewe. Kaka akapigwa picha amekaa juu ya mashine, mkono mmoja kwenye kishikio na mwingine ukiwapungia watu, na picha hiyo nayo ikatiwa fremu.

Sasa mashine bila mafunzo haiendeshwi, alisema kaka. Usije ukavunjika mgongo bure. Akaanza kutafuta video. Wiki mbili nzima alitafuta video, na kila nilipompigia simu alikuwa "anachambua walimu". Yupo mmoja alikuwa anaongea sana, mwingine hakuwa na nidhamu ya mgongo, mama mmoja wa makamo aliyefundisha polepole kwa wanaoanza alikuwa "wa wagonjwa". Mwishowe akamchagua kijana mmoja mwenye kifua kama kabati na meno meupe mengi kupita kiasi, ambaye mimi nilimbatiza Meno. Meno aliongea lugha ya kwao, maneno yetu yakiandikwa chini ya picha, na mpango wake uliitwa Siku Tisini za Moto. Ulikuwa wa watu waliokwisha kuwa na vifua kama makabati. Kaka akasema yeye hapendi mambo ya chekechea.

Siku ya kwanza alitualika tukashuhudie. Alitoka chumbani amevaa kitambaa cha kipajini, glovu, viatu vipya na koti la mpira lililofungwa mpaka shingoni. Akafungua runinga ndogo aliyoihamishia humo, Meno akatokea, nyuma yake mto wa bandia unapita. "Uko tayari kuungua?" maandishi yakauliza. "Niko tayari!" kaka akajibu kwa sauti. Akavuta kishikio mara tatu, akasimama, akatueleza habari ya mgongo. Akavuta mara mbili, akaeleza habari ya pumzi. Halafu akasema tunamvurugia umakini, akatutoa na kufunga mlango.

Baada ya hapo mlango ulifungwa kila jioni kuanzia saa kumi na moja. Ukipita ukumbini ulisikia mnyororo unavuma, Meno anapiga kelele, filimbi, muziki. Baada ya dakika arobaini kaka alitoka ameloa chapachapa. Wifi yangu, mke wake, mwanamke wa kumwonea huruma maana anamwamini mumewe kuliko saa ya ukutani, alikuwa akinionyesha fulana. "Shika, wifi. Unaweza kuikamua."

Na kaka alikuwa na daftari. Angekosaje daftari? Tarehe, dakika, mita alizopiga, mivuto kwa dakika, nishati aliyounguza. Kila siku ya zamu yangu hospitalini, nikiwa nimelala na mirija mkononi, simu iliita.

"Dada! Leo mita elfu sita na mia mbili!"

"Kaka, usijiue."

"Mimi? Bado nina nguvu. Wewe vumilia tu hapo, mimi nakuja kwa makasia."

Nilimwambia nesi. Nilimwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nilikuwa nikilala pale natazama damu yangu ikienda na kurudi, na badala ya kuhesabu dakika nilihesabu mita za kaka. Elfu sita leo, elfu tano na mia tisa juzi. Nilipata picha ya kijinga kwamba ni mto kweli, na yeye anakuja. Zile namba alizituma pia kwa ukoo mzima kila Jumamosi, na wajomba wakajibu kwa picha za ngumi na misuli.

Mwezi wa nne akaja kibandani kwangu na suruali mbili za kazi begani.

"Nipunguzie kiuno, dada. Zinanivuka barabarani, aibu."

Nikatoa futi shingoni. Mimi suruali hizo ndiye niliyezishona, kiuno inchi arobaini na mbili. Kaka akavuta pumzi, akanyanyua kidevu, akatazama dari. Nilimzungushia futi, nikangoja. Mteja akibana tumbo, fundi hana haja ya kugombana naye; binadamu lazima aheme. Nikamuuliza habari za watoto. Akajibu kwa kutikisa kichwa. Nikamuuliza habari za mkuu wa kitengo. Akaanza kuwa wa zambarau. Mwishowe pumzi ikamtoka, na futi ikasema arobaini na tatu na nusu.

"Kaka, umeongezeka."

"Hiyo futi imenyauka. Ya plastiki hiyo, inakaa juani."

"Kaka."

"Na hata kama! Misuli ni mizito kuliko mafuta, Meno amelieleza hilo wazi. Mwanzoni mwili unajaza misuli, halafu mafuta yanaporomoka kwa mkupuo. Wewe punguza inchi moja, utaona zitakavyokaa."

Miaka kumi na minne niko kwenye cherehani, na sijawahi kushona kipimo ambacho si cha mwili wa mtu. Siku hiyo nilishona. Nilipunguza zile suruali inchi moja kama alivyotaka, kwa sababu nilitaka iwe kweli. Hilo nalisema mapema, ili nikimcheka kaka ijulikane kwamba na mimi mkono wangu ulikuwemo.

Siku ya mizani tulikwenda watatu, kaka, mimi na wifi. Kaka alivua viatu. Akavua mkanda, saa, akatoa pochi, funguo, kalamu tano, akaona haitoshi akamkabidhi wifi miwani. Nesi, mwanamke wa maneno machache, akamtazama.

"Na meno, baba, ni ya kwako au nayo yanatoka?"

Kaka akacheka kidogo, akainama kuvua soksi, na mshono wa nyuma wa ile suruali niliyoipunguza ukaachia kuanzia kiunoni mpaka chini kabisa. Mlio wake ulisikika mpaka kwenye foleni ya wajawazito. Wifi akaruka na mtandio kumziba. Hivyo ndivyo kaka yangu alivyopanda kwenye mizani, nyuma amefunikwa mtandio wa maua, mbele ameshika ukuta.

Kilo mia moja na tisa.

"Hii mizani ilikaguliwa lini?" kaka akauliza. "Mimi ni mtu wa vipimo. Nyumba zote ninazosoma mita—"

"Juzi," nesi akasema.

Daktari hakuwa mkali. Alisema kwa uzito huu haiwezekani, na presha nayo imepanda. Tutazame tena baada ya miezi mitatu. Nikamgeukia kaka nimwegemee, na hapo nikamwona. Uso wake ulikuwa wa msiba, nyusi ziko pale zinapopaswa kuwa. Lakini mabega yalishuka. Alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyekuta geti limefungwa na wenyewe wamesafiri. Pumzi hiyo naijua. Nilitembea naye kazini likizo nzima moja nikiwa na miaka kumi na mitano.

Tukarudi nyumbani kwake, ambako mama, wajomba na Mwalimu walikuwa wanasubiri na soda, tayari kushangilia. Kaka, akiwa bado na mtandio kiunoni, akaanza hotuba. Mizani ya serikali inachakaa. Misuli ni mizito. Meno mwenyewe aliwahi kukwama kwenye kilo zilezile nusu mwaka. Mama akasema, "Mwanangu anajitesa jamani, muoneni alivyochoka." Mimi nikasema nakwenda kujilaza kidogo, na kwa kuwa chumba cha watoto kilikuwa kimejaa nguo, nikaingia kwenye chumba cha mashine.

Sikwenda kupeleleza. Nilikaa tu kwenye kile kiti kwa sababu hapakuwa na kingine. Chini yake palikuwa na maganda ya karanga, mengi, ya siku nyingi. Nikajaribu kukisukuma kiti nyuma, kikagoma. Reli yote, kuanzia pale kiti kilipokaa mpaka mwisho, ilikuwa na vumbi ambalo ningeweza kuandika jina langu. Kishikio bado kilikuwa kimevikwa nailoni ya kiwandani. Nikakivuta, na mnyororo ukatoa sauti kavu ya kukwaruza, sauti ya chuma ambacho hakijawahi kupakwa mafuta wala kuguswa tangu ile mivuto mitano ya siku ya kwanza. Haikuwa ile sauti laini niliyokuwa nikiisikia ukumbini. Ile ilikuwa mashine ya Meno.

Dirisha lilifungwa kwa misumari. Koti la mpira lilining'inia mlangoni. Ukikaa humo jioni dakika arobaini, chini ya bati lililokula jua mchana kutwa, umevaa koti hilo na unakula karanga, utatoka jasho hata kama unasoma gazeti.

Daftari lilikuwa juu ya runinga. Namba zilikuwepo zote, elfu sita na mia mbili, elfu tano na mia tisa, mwandiko wake uleule. Nikakumbuka kwamba kwenye pembe ya video za Meno kuna kijisanduku kinachoonyesha mita alizopiga Meno. Kaka alikuwa anazisoma hizo na kuziandika kuwa zake. Na alikwishaandika mpaka tarehe ambazo hazijafika. Mwezi ujao wote ulikuwa umejazwa, hata siku ambayo, kama mambo yangekwenda sawa, yeye na mimi tungekuwa tumelala chumba cha upasuaji.

Pembeni ya kila namba, kila siku, tangu ya kwanza, palikuwa na nukta.

Kaka akaingia kutafuta suruali nyingine. Aliponiona na daftari, akasimama.

"Funga mlango," nikamwambia. "Hizi nukta ni za nini?"

"Nukta gani?"

"Usinifanye mtoto, Kaka. Mimi ndiye niliyekuwa nazinakili."

Hakuufunga mlango. Akaja akakaa kwenye kiti cha mashine, mikono magotini. Ukumbini mjomba alikuwa anafungua soda.

"Naogopa," akasema.

"Unaogopa nini?"

"Kisu. Kulazwa usingizi, halafu mtu anifungue na mimi sijui. Naogopa tangu ile siku ya kwanza."

"Sasa ulisimama kwa nini?"

"Mama alikuwa ananiangalia."

"Na daktari alipokuuliza? Mko peke yenu, mama hayupo!"

"Nilishasema kwa watu, dada. Ningerudije nyuma?"

Hasira ilinipanda mpaka mkono ninaowekewa mirija ukaanza kuniuma. Nikamwambia angesema anaogopa ningeelewa. Ningemnunia wiki mbili, tatu, halafu yangekwisha. Lakini miezi mitano! Miezi mitano ananipigia simu hospitalini kunisomea mita za mtu mwingine. Mwalimu alisimama na figo yake, yeye akamkalisha, na tangu hapo hakuna aliyepimwa.

"Ulikuwa unangoja nini, Kaka? Niambie. Ulidhani itakuwaje?"

"Sijui. Nilidhani labda utapata nafuu. Au watagundua dawa nyingine. Mambo huwa yanabadilika."

Ndipo nilipoelewa nilikuwa nani katika daftari lile. Kaka alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara miezi mitano, anatazama paa langu na nguo zangu kwenye kamba, anaandika, anangoja mbwa ahame.

"Toka ukawaambie," nikasema.

Akatikisa kichwa. Hakuwa anakataa kwa kiburi. Alikuwa hawezi tu. Basi nikachukua daftari, nikatoka mwenyewe. Wote wakanigeukia, kwa sababu nadhani uso wangu ulikuwa umesema nusu ya habari.

"Kaka hatatoa figo," nikasema. "Anaogopa, na kuogopa ni haki yake, mwili ni wake. Asitukanwe. Ninaomba Mwalimu apimwe. Kesho, kama anaweza."

Mama akaweka mkono mdomoni. Wajomba wakageuka kumtazama Mwalimu, na mimi nikamtazama. Alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, na soda yake haijafunguliwa. Mimi, ninayejua kiuno cha mtu kwa jicho tangu akiwa mbali barabarani, nilikuwa nimepita pale ukumbini bila kumwangalia. Gauni lilikuwa pana, si la kawaida yake. Akainuka polepole, akalibana kwa mikono miwili tumboni.

"Dada," akasema, na sauti ya chekechea ilikuwa imemwishia. "Ni miezi mitatu."

Hakuna aliyempongeza. Masikini, mimba yake ya kwanza, na hakuna aliyempongeza.

"Nilikuwa nangoja," akaendelea huku analia. "Nilimwambia mume wangu tungoje, huenda nikahitajika. Tukangoja. Lakini kila Jumamosi kaka alikuwa anatuma zile mita. Elfu sita, elfu sita na mia tatu. Nikasema basi, kaka anafika. Dada, ningejua..."

Nikamwambia asilie, si vizuri kwa mtoto. Nikamshika mkono, nikakaa kigodani kwake kwa sababu kusimama kulinishinda. Miezi sita mingine mpaka ajifungue, halafu kunyonyesha, halafu ndiyo waanze kumpima. Kila mtu chumbani alikuwa anafanya hesabu ileile, na niliona mama ameifikisha mwisho kabla yangu, kwa sababu aliacha kunitazama.

Tulikuwa tumekaa hivyo, wifi ameshika miwani ya kaka ambayo alikuwa amesahau kumrudishia, niliposikia mkwaruzo. Ulitoka kule chumbani, mlango ukiwa wazi. Ulikuwa mkavu, mbaya, wa chuma kisicho na mafuta. Hapakuwa na muziki, wala filimbi, wala Meno. Kaka alikuwa amesikia kila neno. Mnyororo ukakwaruza tena, na nailoni ikachanika, na kiti kikapiga kelele kwenye vumbi lake.

Nilikuwa na hasira naye, na mpaka leo ninayo. Asije mtu akaniambia nilimsamehe siku ile. Nilifungua daftari kwenye tarehe ya siku hiyo. Palikuwa pameshaandikwa mita elfu sita na mia nne. Nikazikata kwa mstari mmoja. Kule ndani mnyororo ulikwaruza mara kumi na moja, ukanyamaza, tukamsikia anahema. Nikaomba kalamu kwa mjomba, nikaandika kumi na moja, na sikuweka nukta.